Kihispania cha mtaani Madrid: nianze na maneno gani nisisikike kama kitabu?

mchaichai

Wakuu, habari za jioni. Septemba naanza shahada ya uzamili Madrid, na nitapanga nyumba moja na vijana watatu wa kulekule. Kihispania changu ni ngazi ya B1, yaani ya kati. Gazeti nasoma, mwalimu akiongea namfuata. Lakini vijana wakiongea wao kwa wao naambulia neno moja moja tu, na mimi nikianza kuongea nasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Maneno ya mtaani niliyo nayo mengi nimeyatoa kwenye tamthilia za Mexico.

Naomba kujua: nianze na yapi, yapi nisiyaguse, haya ya Mexico yatanifaa kule, na sisi waongeaji wa Kiswahili tunajikwaa wapi kwenye matamshi. Sihitaji orodha ya maneno mia mbili. Nataka kujua yanavyotumika.

pweza_mkavu

Karibu mkuu. Anza na vineno vinavyoshikiza mazungumzo. Misimu ya kujigamba na matusi viache kwanza. Mtu anayeweka *vale*, *venga* (haya basi), *pues*, *es que*, *a ver*, *qué va* na *ya* mahali pake anasikika mwenyeji kuliko aliyekariri misimu hamsini. Vineno hivi vinatokea kila baada ya sentensi mbili tatu, havimkwazi mtu, na bibi wa miaka 80 anavitumia sawa na kijana wa 18. Misimu yenyewe huzeeka. *Chachi* (safi, kizuri), kwa mfano, bado imo kwenye orodha nyingi za mtandaoni, ila kwa vijana wa leo inasikika ya kizamani.

*Vale* ni "sawa", na ndiyo pia namna ya kuonyesha kwamba unasikiliza. Mtu anakuelekeza njia ya kwenda kituo cha metro, kila kipande unajibu *vale*. Kufunga simu ni mlolongo: *vale, venga, hasta luego*. Ukikata baada ya *vale* ya kwanza, wa upande wa pili atadhani umeudhika. *Hasta luego* anaambiwa hata muuza duka ambaye humtarajii kumwona tena.

*Es que* ndiyo adabu yote ya kukataa. Darasani tunafundishwa *no puedo*, lakini *no puedo* peke yake ni kavu mno. Wenyeji husema *es que mañana madrugo*, yaani shida ni kwamba kesho naamka alfajiri, na "hapana" yenyewe haitamkwi. Mswahili ataielewa haraka, maana na sisi hatumkatai mtu usoni.

*Qué va* ni hapana yenye nguvu isiyo na ukali. Ukiulizwa *¿te molesto?* (nakusumbua?) unajibu *qué va*. *Ya* fupi, sauti ikishuka, maana yake "nakuelewa". Ikivutwa na kurudiwa, *yaaa, ya*, mara nyingi mtu anakuonyesha kwamba hakuamini, kwa hiyo ukiwa mgeni itamke fupi. *Pues* inaanza jibu wakati bado unawaza, na *a ver* inatangulia maelezo. Vijana watakuwa na *en plan* kila mahali: *me dijo en plan que no venía*, aliniambia kama vile haji. Hiyo ielewe tu kwanza. Kuitumia vibaya kunaonekana haraka.

Halafu kuna mgahawani, ambako tafsiri ya kichwani inawaumbua wengi. *Quisiera un café, por favor* ni sahihi kabisa na hakuna mwenyeji wa umri wako anayeisema. Sema *¿me pones un café con leche, cuando puedas?* au hata *ponme un cortado* (nipe kahawa yenye maziwa kidogo). Kitenzi cha kuamuru hapo hakina ufidhuli, sauti ndiyo inayobeba heshima. Ukitaka kulipa: *¿me cobras?* Wakikualika *vamos de cañas*, caña ni glasi ndogo ya bia, kama mililita 200 hivi, lakini mwaliko ni wa kukaa pamoja kuongea. Kama hunywi pombe agiza *mosto*, juisi ya zabibu isiyochachushwa, ipo karibu kila baa na hakuna atakayekuhoji.

zumaridi_ya_magomeni

Naongezea vitenzi, maana huko ndiko makosa ya sarufi yanapomwanika mtu hata kama neno ni la mtaani kabisa.

*Molar* (kuvutia, kupendeza) inafuata sarufi ya *gustar*. *Me mola esta canción*, *me molan tus zapatillas*. Ukisema *yo molo* umesema "mimi ni mtu wa kuvutia". *Flipar* inakwenda njia zote mbili: *me flipa* ni napenda mno, *estoy flipando* ni siamini macho yangu.

*Quedar* ndiyo utakayoisikia kuliko zote. *He quedado con Marta a las ocho* ni tumepatana kukutana saa mbili usiku. *¿Quedamos?* ni tuonane? Ukiongeza *se* maana inageuka: *me quedo en casa* ni nabaki nyumbani. Wageni wengi huchanganya hizi mbili na kukosa miadi.

*Pillar* ni kupata, kudaka, kunasa: *pillar un taxi*. Kuna pia *me pilla lejos*, kwangu ni mbali. *Currar* ni kufanya kazi, na *curro* ni kazi yenyewe. *Rayarse* ni kujisumbua kwa mawazo, *no te rayes* ni usijitese. *Liarla* ni kuvuruga mambo: *la he liado*. *Paso de ir* ni sina mpango wa kwenda. Hii ya mwisho ina ukali, usimjibu hivyo aliyekualika kwa moyo.

Sifa za watu na vitu zinazofaa siku ya kwanza: *majo* au *maja* (mtu mwema, anayependeza kukaa naye), *borde* (anayejibu ovyo), *cutre* (duni, chakavu), *chungo* (kibaya, cha hatari). *Guay* kwa kizuri haijachakaa, itumie bila wasiwasi. Ya Madrid hasa ni *mazo*: *mola mazo*, *mazo de gente*, yaani sana au tele.

Pesa ni *pasta*, na euro ni *pavo*: *veinte pavos* ni euro 20. *Pavo* usiende nayo benki.

Maneno yaliyokatwa yana utaratibu. Kwa kawaida zinabaki silabi mbili za mwanzo, na jinsi ya neno haibadiliki: *la peli* (película), *la bici*, *la uni*, *el boli*, *el insti*, *el finde* (fin de semana). Ndiyo maana *la moto* na *la foto* ni za kike ingawa zinaishia kwa o, asili ni *motocicleta* na *fotografía*. *Porfa* badala ya *por favor* ni kwa rafiki tu.

Kwa anayependa kujua mizizi: *currar*, *molar*, *chaval* na *chungo* zimetoka kwenye caló, lugha ya Waroma wa Hispania. Zilikuwa za kona fulani za mji, sasa ni za wote.

pweza_mkavu

Zumaridi umenikumbusha *tío* na *tía*, kwa asili mjomba na shangazi, mtaani "mshikaji", na kwa Mswahili hapa pana mtego wa kweli. Sisi mwanaume wa rika la baba tunamwita mjomba au ami, na ni heshima. Hispania *tío* kama neno la kuitana ni la marika: *tío, no me lo creo*. Ukimwita hivyo mzee wa jirani umemvunjia heshima. Bosi vilevile, hata akiwa mchangamfu. Neno linafuata jinsi ya unayeongea naye, na linakaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. Likitokea kila sentensi linachosha.

mchaichai

Asanteni sana, tayari naona nilikuwa naanzia mwisho. Nisaidieni kwenye matusi. *Joder* naisikia kila dakika, hadi kwa wanawake wa makamo. Je, nikiitumia nitaonekana mwenyeji?

kalamu_nyekundu

Ielewe, usiitumie. Si kwamba ni neno zito mno kwa Madrid, watu wanalitoa hata wakidondosha ufunguo. Tatizo ni kipimo. Mwenyeji anajua aliseme kwa sauti gani, mbele ya nani, mara ngapi. Mgeni akilitumia mahali pamoja pasipostahili, watu wanakumbuka hapo tu.

Wahispania wenyewe wana ngazi za kulainisha, na hizo utazitumia bila hofu. Badala ya *joder* kuna *jo*, *jolín* na *jopé*. Badala ya *hostia* kuna *ostras*. *Hostia* ni mkate mtakatifu wa misa ya Kikatoliki, kwa hiyo mbele ya wazee wa kanisa linauma zaidi ya unavyodhani. Kuchoshwa na jambo sema *estoy hasta las narices*, nimefikwa hadi puani. Matoleo mengine ya msemo huo yanataja viungo vya chini na utayasikia, yaache huko. *Gilipollas* ni tusi kamili, usimtanie nalo mtu usiyemjua vizuri.

Angalia pia maneno yanayogeuka maana kwa kijisehemu kimoja. *Es la leche* ni mtu au jambo la ajabu, mara nyingi kwa sifa. *Tiene mala leche* ni ana roho mbaya. Na *de puta madre*, pamoja na sura yake, ni sifa: safi kabisa. Mtu akionja pilau yako akasema hivyo, amefurahi.

Kupima uzito wa neno lolote, fungua kamusi ya Real Academia Española, akademia ya lugha ya Kihispania, mtandaoni, ni bure (dle.rae.es), na usome vifupisho kabla ya maana. *coloq.* ni la mazungumzo ya kawaida, sema. *malson.* ni lenye kuudhi masikio, sikiliza tu. *vulg.* na *despect.* kaa mbali. *desus.* na *p. us.* limezeeka au halitumiki sana, usipoteze muda. Kisha kifupisho cha nchi: *Esp.*, *Méx.*, *Arg.*, *Col.* Nusu dakika kwa neno inatosha, na inakukinga na zile orodha za mtandaoni zinazochanganya nchi zote kwenye chungu kimoja.

Jambo la mwisho, na hili nalisema wazi kwa sababu wengi tunaosoma hapa ni Waafrika. *Negro* kama sifa ya rangi ya mtu si tusi lenyewe. Utasikia pia *moreno*, ambalo wengi hulitumia wakidhani wanakwepa, na kwa Mhispania mwenzao linamaanisha mwenye nywele nyeusi au aliyeungua jua. *Negrata* ni tusi la ubaguzi, halina utani ndani yake. Na misemo kama *trabajar como un negro* inatoka enzi za utumwa. Bado ipo midomoni mwa watu, na una haki kamili ya kusema *esa expresión no me gusta*. Kwa upande wetu, *sudaca* na *panchito* (dhidi ya watu wa Amerika ya Kilatini) na *moro* kwa mtu wa Afrika Kaskazini usiyachukue kama misimu eti kwa kuwa umeyasikia nyumbani mnakoishi.

Mbuyuni Kaskazini

Kuhusu Mexico. *Güey*, *chido*, *padre*, *neta*, *no manches*: Madrid wote watakuelewa kwa sababu ya tamthilia, lakini watajiuliza umejifunzia wapi. Hazitamwudhi mtu. Shida ni kuchanganya. Sentensi moja yenye *vosotros* ("ninyi" ya Hispania) na *güey* ("mshikaji" ya Mexico) ndani yake haipo popote duniani. Chagua Madrid, hayo mengine yaweke kwenye kapu la kuelewa tu, na utayahitaji, kwani mji umejaa watu wa Ecuador, Colombia, Venezuela na Peru.

Yanayohitaji tahadhari ni maneno ya kawaida kabisa yanayobadilika njiani. *Coger* Hispania ni kuchukua au kupanda, *coger el metro*, mtu haoni aibu. Mexico, Argentina na Venezuela ni tendo la ndoa, kwa lugha chafu. Huko tumia *tomar* au *agarrar*. *Concha* Hispania ni kombe la baharini na hata jina la mwanamke, Argentina ni tusi. *Tinto* ukiagiza Madrid unaletewa divai nyekundu, Bogotá unaletewa kahawa nyeusi. *Guagua* Cuba na visiwa vya Canarias ni basi, Chile ni mtoto mchanga. *Torta* Mexico ni mkate uliojazwa nyama na vikolezo, Hispania inaweza kuwa kofi. *Caña* ya bia iliyotajwa juu, Chile ni uchovu wa kuamkia ulevi, ambao Hispania wanauita *resaca*, Mexico *cruda* na Colombia *guayabo*.

Ukihitaji kamusi ya upande huo, umoja wa akademia za Kihispania ulitoa *Diccionario de americanismos* mwaka 2010, nayo inasomwa bure mtandaoni na inataja nchi kwa kila maana.

zumaridi_ya_magomeni

Hapo kwenye kuchanganya nakubali nusu. Kama rafiki zake wa karibu watakuwa Wakolombia, *parce* (mshikaji) na *chévere* (safi) zitamwingia zenyewe na hakuna ubaya. Vijana wa Madrid wenyewe wanachukua maneno mengi ya Amerika ya Kilatini kupitia muziki. Ila asianze huko.

Mbuyuni Kaskazini

Sawa, asianze huko. Tumekubaliana.

sauti_ya_pwani

Nijibu la matamshi, kwa sababu hapa Mswahili ana mtaji ambao wengine hawana na mara nyingi hautumii.

Vokali tano ni zilezile, usiziguse. *z*, na *c* mbele ya e au i, Madrid ni th yetu ya thelathini: *gracias* ni "grathias", *cerveza* ni "therbetha". Amerika ya Kilatini ni s. *j* ni kh ya kheri, na Madrid wanaikwaruza kwelikweli. *ñ* ni ny ya nyanya. *d* kati ya vokali inakaribia dh ya dhahabu, *g* kati ya vokali inakaribia gh ya ghali: *amigo* ni "amigho", bila kubana. Ukitamka *d* na *g* ngumu kama za Kiswahili, hapo ndipo lafudhi inapojitokeza. *v* haipo, ni *b*, na katikati ya neno midomo haigusani kabisa.

Tunakojikwaa ni kwingine. Kwanza mkazo. Sisi tunaweka silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kihispania kinafanya hivyo kwa maneno yanayoishia vokali, *n* au *s*, lakini yanayoishia konsonanti nyingine mkazo uko mwishoni: *hablar*, *Madrid*, *usted*. Yanayovunja kanuni yameandikwa alama, na alama hiyo inabeba maana: *hablo* naongea, *habló* aliongea. Pili, vokali tunazochomeka: "Madiridi", "insitituto". Fanyia mazoezi makundi ya *tr*, *dr*, *pl* na *st* kwa kuanza polepole. Mwisho wa Madrid wenyeji huacha *d* ikapotea au ikawa th, kwa hiyo "Madrí" ni bora kuliko "Madridi". Tatu, *r* na *rr*: *pero* (lakini) na *perro* (mbwa), *caro* (ghali) na *carro* (mkokoteni).

Kukata maneno kuna mpaka. *-ado* kuwa *-ao* ni kawaida hata kwa wasomi wakiwa wametulia: *cansao*, *he quedao*. Kukata *-ido* (*comío*) Madrid kunasikika kwa namna nyingine, watu wanakukadiria elimu, usikuige. *Para* kuwa *pa* ni ya nyumbani. Ile *ejque* (yaani *es que*) inayosemwa ndiyo alama ya Madrid msiiigize, kwa mgeni inasikika kama kejeli kwa wenyeji.

Utasikia pia *callaros* badala ya *callaos* (nyamazeni), na *venir aquí* badala ya *venid aquí* (njooni hapa). Vitabu vinakataa, mtaa unasema. Kwa kitenzi *ir* peke yake akademia ililegeza mwaka 2017 na kukubali *iros* (nendeni zenu).

Mazoezi: chukua sekunde 30 za mazungumzo ya vijana kwenye RTVE Play, huduma ya shirika la utangazaji la umma la Hispania. Sikiliza mara tatu bila maandishi, andika ulichosikia, fungua maandishi, weka alama pale ulipopotea, kisha sema sambamba na msemaji hadi mwendo ulingane. Dakika 15 kwa siku. Usichukue dakika tano za sauti ukidhani unajitahidi, utafanya yote juujuu. Pia Chuo Kikuu cha Valencia kina hazina ya mazungumzo halisi iliyonakiliwa, Val.Es.Co. Soma hapo uone watu wanavyokatizana na *es que* inavyokaa mahali pake.

Kuhusu kuanza kutumia neno jipya, ningesubiri kulisikia kwa watu watatu tofauti, wa rika na mazingira yanayofanana na yako. Matatu au manne kwa wiki yanatosha.

mchaichai

Nimenakili yote. Mbili za mwisho: kwenye ujumbe wa simu wanaandikaje, na mwenye nyumba, mama wa kama miaka 70, nimwite *tú* (wewe ya kawaida) au *usted* (wewe ya heshima)?

kalamu_nyekundu

Ujumbe: *q* ni *que*, *xq* ni *porque* au *por qué*, *tb* ni *también*, *bss* ni *besos* ya kufungia kwa marafiki. Kicheko ni *jajaja*. Ukiandika *haha* wataelewa, lakini *h* kwao haina sauti.

Mama mwenye nyumba mwanzie *usted*, na umwite *doña* na jina lake, au *señora* na jina la ukoo. Wahispania wengi huhamia *tú* haraka, na yeye mwenyewe atakwambia *tutéame*, au *trátame de tú*. Akishasema hivyo, hamia kweli. Kuendelea na *usted* baada ya hapo anaweza kukuona unamweka mbali. Polisi, daktari mzee na ofisi ya uhamiaji baki na *usted* hadi mwisho. Wenzako watatu wa nyumbani ni *tú* na *vosotros* tangu mlangoni, hata kama mmoja amekuzidi miaka kumi.